Mafiga Matatu Barabarani

Wiki mbili zilizopita mama mmoja alisimama mbele ya gereji yetu Buguruni, Dar es Salaam, akaweka mkono kifuani, akauliza kwa sauti ya msibani ni watu wangapi walioumia. Mbele yake palikuwa na bajaji iliyolala ubavu juu ya tairi kuukuu, gurudumu moja likizunguka polepole hewani, na kijana wangu wa mafunzo akiwa ameingiza kichwa na mabega katika uvungu wake. Ilinibidi nimweleze kwamba hakuna aliyeumia. Kwamba bajaji ile tumeilaza wenyewe, watu wawili tu bila jasho, kwa kuwa kijana alikuwa anafungua boliti za chini na ni rahisi zaidi kuilaza bajaji kuliko kwenda kuazima jeki kwa jirani. Mama akashusha mkono, akaitazama bajaji, akanitazama mimi, kisha akasema: "Sasa baba, kitu mnachokilaza kama mbuzi wa Idi, sisi mnatupandishaje?"

Swali lake lilikuwa la haki. Pale pale nilimpa jibu fupi, na hili hapa ndilo refu. Nimetengeneza vyombo vya magurudumu matatu kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, na kadiri ninavyozidi kuvijua ndivyo ninavyozidi kuona kwamba hakuna chombo kinachochekwa na watu wasiokielewa kama hiki. Mafundi wenzangu wa magari madogo huniuliza lini nitahamia kwenye "magari kamili", kana kwamba gurudumu la nne ni jando ambalo bajaji haijapitia.

Aliyewahi kupika kwa kuni anajua tayari nusu ya jibu. Mafiga ni matatu; babu zetu hawakuyafanya manne, na hawakufanya hivyo kwa uhaba wa mawe. Vitu vitatu, hata viwe na urefu tofauti na ardhi iwe na mabonde, vyote hugusa chini kwa wakati mmoja na chungu hutulia. Viwe vinne, kimoja kitaning'inia. Ndiyo maana kigoda cha miguu mitatu hakichezi popote utakapokiweka, ilhali meza ya mgahawa yenye miguu minne daima ina kipande cha boksi kilichokunjwa chini ya mguu mmoja, na bado chai inamwagika. Gari la magurudumu manne linahitaji springi na shokapu zenye akili ili magurudumu yote yaendelee kugusa barabara mbovu. La magurudumu matatu linagusa tu, lipende lisipende.

Nusu ya pili ya jibu ndiyo inayowatia watu mtaroni. Chora mistari kutoka figa hadi figa, utapata pembetatu. Chungu kitakaa salama maadamu uzito wake unaangukia ndani ya pembetatu hiyo. Ukivuka mstari, ugali unakwenda kwenye majivu. Sasa chukua chombo chenye gurudumu moja mbele na mawili nyuma, na nafasi ya mita 1.2 kati ya yale ya nyuma. Kama uzito wote umekaa juu ya ekseli ya nyuma, una sentimita 60 za kujihami kila upande kabla ya kuufikia mstari. Ukiusogeza mbele theluthi moja ya safari ya kuelekea gurudumu la mbele, zinabaki kama 40. Ukiusogeza theluthi mbili, zinabaki 20 tu, upana wa kiganja kilichotanuliwa. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama chombo cha magurudumu matatu kinaanguka, mimi humjibu kwa swali: uzito wake umekaa wapi?

Wanaodhani kwamba magurudumu matatu ni gari lililoishiwa fedha katikati ya ujenzi wanashangaa nikiwaambia kwamba gari lilianza na matatu. Karl Benz wa Mannheim, Ujerumani, aliomba hataza ya gari lake la petroli tarehe 29 Januari 1886, na chombo kilichochorwa katika karatasi zile kina gurudumu moja mbele na mawili nyuma, injini ikiwa nyuma chini ya kiti. Ukiwa na roho ya uchokozi kama mimi unaweza kusema kwamba gari la kwanza duniani lilikuwa bajaji isiyo na turubai. Sababu yake ilikuwa ya kifundi: magurudumu mawili ya mbele yanapokata kona, la ndani lazima lipinde zaidi kuliko la nje, na Benz hakuridhishwa na mifumo ya usukani iliyokuwapo. Badala ya kupigana na tatizo, aliliondoa pamoja na gurudumu lake. Magurudumu manne aliyaweka miaka ya 1890, alipopata usukani uliomridhisha.

Mkewe, Bertha, alilichukua gari la namna hiyo Agosti 1888 pamoja na wanawe wawili wa kiume, bila kumuaga mume, akaenda kwa mama yake Pforzheim, safari ya kilomita zipatazo 100. Njiani mrija wa mafuta uliziba akauzibua kwa pini ya kofia. Mafuta yalipopungua akanunua dawa ya kuondolea madoa katika duka la dawa mjini Wiesloch. Breki zilipolika akamwita fundi viatu azipigilie ngozi. Milimani watoto walishuka wakasukuma. Mimi huwasimulia wanafunzi kisa hiki kila mwaka, kwa sababu ni siku ya kawaida kabisa ya dereva wa bajaji wa Gongo la Mboto, isipokuwa pini ya kofia.

Hata kabla ya Benz, zaidi ya miaka mia moja nyuma, ofisa wa jeshi la Ufaransa aliyeitwa Cugnot alitengeneza mkokoteni wa mvuke wa kuvuta mizinga, nao ulikuwa wa magurudumu matatu. Unaweza kuuona hadi leo katika jumba la makumbusho Paris. Kasoro yake inaonekana kwa jicho tu: birika kubwa la maji ya moto limening'inizwa mbele kabisa, hata mbele ya gurudumu la mbele, kama mtu aliyebeba sufuria ya pilau kwa mikono iliyonyooshwa. Mzinga ukiwa juu ya jukwaa la nyuma, uzito unalingana kidogo. Jukwaa likiwa tupu, uzito wote uko pale ambapo pembetatu ina upana wa kiganja. Inasimuliwa kwamba mkokoteni huo uligonga ukuta. Mimi siwezi kumcheka Cugnot, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze kwanza na bajaji yenyewe. Ukoo wake unatoka Pontedera, Italia. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kiwanda cha Piaggio kilikuwa kimepigwa mabomu, na mhandisi wake, Corradino D'Ascanio, alikuwa mtu wa ndege na helikopta ambaye hakuzipenda pikipiki hata chembe. Mwaka 1946 akatoa Vespa, yaani nyigu. Mwaka 1948 nusu ya mbele ya nyigu yule ikaungwa na ekseli yenye magurudumu mawili na sanduku la mizigo, ikaitwa Ape, yaani nyuki, kwa kuwa nyigu anarandaranda tu ilhali nyuki anafanya kazi. Kampuni ya Bajaj ya India ikapata kibali cha kutengeneza vyombo vya namna hiyo, na miongo kadhaa baadaye vikashuka kwenye bandari zetu. Tanzania tukavipa jina la kampuni, Kenya wakaviita tuktuk, na mtu wa Mombasa na wa Tanga wanaweza kubishana kuhusu jina hilo usiku kucha bila kufika popote, wakiwa wamepanda chombo kile kile.

Itazame bajaji kwa jicho la mafiga, utaona aliyeipanga alikuwa na akili timamu. Injini iko nyuma. Kiti cha abiria kiko nyuma, karibu kabisa na ekseli. Mbele pana dereva mmoja, usukani wa pikipiki na kioo. Kwa maneno mengine, karibu kila kitu kizito kimekaa kwenye upande mpana wa pembetatu, na kadiri abiria wanavyokaa pale wanapotakiwa, uzito unazidi kurudi nyuma. Hesabu hiyo ndiyo inayovurugwa na mshikaki. Dereva anapomwita abiria wa nne na wa tano wakae naye mbele, nusu kalio ndani na nusu nje, hafanyi kosa moja bali mawili: anasogeza uzito kuelekea gurudumu moja, na anauegemeza upande mmoja. Kona inayofuata haijali kwamba nauli imepatikana.

Toyo ina tabia tofauti, na hapa ndipo ninapoingia mimi na Cugnot. Toyo, kwa msomaji aliye mbali na Dar es Salaam, ni pikipiki ya mizigo yenye magurudumu matatu: mbele pikipiki kamili, nyuma bodi ya kubebea, na injini ipo chini ya dereva huku shafti ikipeleka nguvu kwenye difu ya nyuma, yaani zile gia zinazoyaruhusu magurudumu mawili kuzunguka kwa kasi tofauti kwenye kona. Ikibeba mifuko kumi ya saruji iliyopangwa chini vizuri, toyo inatulia kama jiwe la kusagia. Ikibeba magodoro yaliyopanda hadi kwenye nyaya za umeme, inakuwa jahazi lisilo na nahodha. Hayo kila mtu anayaona. Wasichokiona wengi ni kwamba toyo tupu nayo ina hila zake, kwa sababu bodi ikiwa tupu, vitu vizito vinavyobaki ni injini na mtu, na vyote viwili viko mbele ya pale vinapotakiwa kuwa.

Somo hilo nililifundisha asubuhi moja kwa zaidi ya saa nzima, kwa chaki na kwa kigoda, nikawaonya vijana kwamba breki hukanyagwa kabla ya kona na siyo ndani ya kona, kwa kuwa ukikanyaga ndani ya kona mwili wote wa chombo unarukia mbele, kwenye ncha nyembamba ya pembetatu. Mchana tukamaliza kufunga breki za toyo ya mteja, nikaichukua niijaribu. Ilikuwa tupu. Nilifika kwenye kona ya kuingilia gereji nikiwa na mwendo wa mtu anayetazamwa na wanafunzi wake, nikahisi gurudumu la nyuma la ndani linaaga ardhi, na mguu wangu, ambao inaonekana haukuhudhuria somo la asubuhi, ukakanyaga breki. Breki tulikuwa tumezitengeneza vizuri mno. Toyo ikajilaza ubavu kwa heshima zote, nami nikamalizikia juu ya rundo la mchanga wa fundi mwashi wa jirani. Hakuna aliyecheka mara moja. Walisubiri hadi niliposimama, kisha mmoja akauliza kama aandike na hili daftarini.

Basi baada ya kusema hivyo nina ruhusa ya kuwacheka Waingereza, ambao walivichukua vyombo vya magurudumu matatu wakavifanya kuwa fasihi ya kodi. Kwa miongo mingi sheria ya Uingereza ilikihesabu chombo cha magurudumu matatu chenye uzito mdogo, kilo 400 na ushei tu, kuwa ndugu ya pikipiki: kodi yake ilikuwa ndogo kuliko ya gari, na mwenye leseni ya pikipiki aliruhusiwa kukiendesha. Sisi hatuko mbali na fikra hiyo, kwani bajaji zetu hubandikwa namba ya MC kama pikipiki. Lakini kwetu bajaji ilikuja ikiwa bajaji. Kule mtu mwenye mke, watoto wanne na leseni ya pikipiki alitaka gari la familia, na watengenezaji wakajiuliza ni kitu gani kiondolewe kwenye gari ili mtu wa kodi asilitambue.

Kampuni ya Reliant ya Tamworth iliondoa gurudumu moja la mbele na chuma kingi. Magari yake, Regal iliyoanza miaka ya 1950 na baadaye Robin iliyotoka mwaka 1973, yalikuja kuwa na bodi ya faibaglasi na injini ya alumini ili yasivuke kipimo cha uzito, na watu wakayabandika jina la nguruwe wa plastiki. Kwa ndani ni gari: lina viti vinne, usukani wa duara, milango, hita. Ila injini imewekwa mbele, jirani na lile gurudumu moja, na dereva na abiria wa mbele nao wako mbele ya katikati. Rudi kwenye zile sentimita zangu 60, 40 na 20, utaelewa kwa nini gari hili liliwalisha wachekeshaji wa Uingereza kwa vizazi viwili. Hata hivyo lazima nilitendee haki. Mtangazaji maarufu wa magari wa televisheni ya kwao alilipindua mara nyingi katika kipindi kimoja mwaka 2010, dunia nzima ikacheka, na miaka kadhaa baadaye akakiri kwamba mafundi wake walikuwa wameichezea difu ili lipinduke kirahisi. Kwa fundi kama mimi ungamo lile lilikuwa na ladha kuliko kipindi chenyewe. Robin likiendeshwa na mtu anayejua kona ni nini, lilimfikisha kazini na kumrudisha, na lilikaa sokoni hadi kuingia miaka ya 2000.

Kichekesho kikubwa zaidi kilikuwa kwenye gia. Kwa muda fulani leseni ile ya pikipiki ilifaa tu kama chombo hakina gia ya kurudi nyuma, kwa hoja kwamba pikipiki hairudi nyuma. Ikawa kuna vyombo vilivyotoka kiwandani vikiwa na rivasi kamili, halafu fundi anaiziba kwa makusudi ili mnunuzi asiende kufanya mtihani mwingine. Sasa weka sharti hilo juu ya Isetta. Isetta ni kigari kilichobuniwa Italia mwaka 1953, kampuni ya BMW ikakitengeneza kwa leseni kuanzia 1955 ikauza zaidi ya 160,000, na mlango wake ni mmoja tu, nao uko usoni: unafungua pua yote ya gari kama friji, usukani unakwenda pamoja na mlango, unaingia, unaufunga. Mafundi wa zamani husimulia juu ya dereva aliyeingiza Isetta yake kwenye banda la nyumbani hadi pua ikagusa ukuta, kisha akagundua kwamba mlango haufunguki na rivasi haipo. Kisa hicho sikukishuhudia, lakini kifundi hakina pingamizi lolote. Bahati yake paa lilikuwa la turubai, nalo liliwekwa hivyo ili watu waweze kutokea juu endapo pua itabondeka.

Isetta ya asili ilikuwa na magurudumu mawili nyuma, yaliyokaribiana kiasi cha sentimita 48 tu, na ukaribu huo uliwapunguzia kazi kubwa: magurudumu yakikaribiana namna ile hayahitaji difu. Isetta za Uingereza, zilizotengenezwa Brighton kuanzia 1957, nyingi ziliwekewa gurudumu moja nyuma kwa sababu ya kodi ile ile. Zilitengenezwa katika iliyokuwa karakana ya treni, jengo lisilo na barabara ya kuingilia, hata vipuri vikawa vinaletwa kwa treni na magari mapya yakawa yanaondoka kwa treni. Kiwanda cha magari ambacho gari haliwezi kukifikia! Na kwa kuwa Waingereza, kama sisi, huketi kulia wanapoendesha, dereva akawa upande ule ule wa injini, gari likaegemea kulia, wakalazimika kulifunga uzito wa ziada upande wa kushoto. Fundi wa Buguruni angemwambia mteja abebe shemeji.

Aliyefika mwisho wa njia hii ni Peel. Mji wa Peel uko katika Kisiwa cha Man, kati ya Uingereza na Ireland, na kuanzia 1962 hadi 1965 kampuni moja ya huko ilitengeneza gari liitwalo P50, ambalo hadi leo linashikilia rekodi ya gari dogo kuliko yote yaliyowahi kutengenezwa kwa ajili ya kuuzwa. Urefu wake ni sentimita 137, upana 99, uzito kilo 59, injini ya cc 49. Bajaji ya kwetu, yenye urefu wa mita mbili na nusu na ushei, ingelionea huruma. Gunia moja la mahindi la kilo 100 linalizidi uzito kwa mbali. Lina mlango mmoja, taa moja ya mbele, waipa moja, na nafasi ya mtu mzima mmoja na mfuko wake wa sokoni, jambo ambalo watengenezaji wenyewe walilitangaza kwa fahari. Rivasi halina, bali nyuma lina mkono kama wa sanduku la safari: ukitaka kurudi nyuma unashuka, unalinyanyua kitako, unaligeuza, unapanda tena. Yalitengenezwa kama 50 tu, na leo matajiri wanayagombania mnadani.

Wajerumani, walioshindwa vita na kukatazwa kutengeneza ndege, walikuja na jibu jingine la rivasi ambalo kila ninapolieleza darasani mtu hudhani ninamtania. Fritz Fend alianza kwa kutengeneza viti vya magurudumu kwa ajili ya majeruhi wa vita, akaungana na kampuni ya Messerschmitt iliyokuwa na kiwanda na haina ndege za kuunda, na mwaka 1955 wakatoa KR200: magurudumu mawili mbele na moja nyuma, dereva mbele na abiria nyuma yake kama katika ndege, juu yao kuba la plastiki ya kioo linalofunguka kwa ubavu. Injini yake ya cc 191 ni ya mipigo miwili, na injini ya namna hiyo haijali sana inazungukia upande gani. Kwa hiyo badala ya kutengeneza gia ya rivasi, unazima injini, unausukuma ufunguo ndani zaidi, unaiwasha tena, nayo inawaka ikizunguka kinyume. Gia zote nne za kwenda mbele sasa ni gia nne za kurudi nyuma. Chombo kilichokwenda kilomita 90 kwa saa kikielekea kazini kilikuwa, kwa nadharia, na uwezo wa kurudi nyumbani kinyumenyume kwa mwendo ule ule. Nimejaribu kumfikiria mtu aliyeihitaji gia ya nne ya kurudi nyuma, na kila mara ninamwona mwenye madeni aliyekutana na mdai wake kwenye daraja jembamba.

Tofauti na hayo yote, mpangilio wa KR200 una hekima ambayo msomaji anayeikumbuka pembetatu ameshaiona: upande mpana uko mbele. Ukikanyaga breki ndani ya kona, uzito unakimbilia kwenye magurudumu mawili, si kwenye moja. Morgan wa Malvern, Uingereza, alilijua hilo kabla hata ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na vigari vyake vya magurudumu matatu, vyenye injini ya pikipiki iliyoachwa wazi puani, vilishinda mashindano dhidi ya vigari vya magurudumu manne. Wanafunzi huniuliza: kama ni salama zaidi, mbona bajaji haikufanywa hivyo? Kwa sababu magurudumu mawili ya mbele yanataka tairodi, boljointi na kila kitu ambacho Benz alikikimbia, na kila kipuri ni shilingi. Ilhali bajaji inakata kona kwa foku moja kama skuta. Vilevile sehemu pana ikiwa mbele, abiria au mzigo utakaa wapi? Juu ya gurudumu moja la nyuma, kwenye ncha. Na pancha ya gurudumu lile la nyuma la Morgan, lililozingirwa na cheni, mimi simwombei hata fundi nisiyempenda.

Sina mengi kuhusu C5 ya Clive Sinclair, kigari cha umeme na pedali kilichozinduliwa London tarehe 10 Januari 1985, katikati ya baridi kali, kwa bei ya pauni 399. Sheria iliruhusu kijana wa miaka 14 kukiendesha bila leseni, na hapo ndipo wazo lote lilipoanzia na kuishia. Dereva alilala karibu na lami, hendeli zikiwa chini ya mapaja yake, hakuna paa, malori yakipita juu ya kichwa chake. Zilitengenezwa kama 14,000 na kabla mwaka haujaisha kazi ikasimama. Watu walisema mota yake ni ya mashine ya kufulia. Si kweli, ila kigari chenyewe kiliungwa katika kiwanda cha Hoover, ambao kweli walitengeneza mashine za kufulia, kwa hiyo uvumi ulikuwa na nyumba ya kulala.

Hilo la kiwango cha kodi, leseni na bei ya kipuri ndilo ninalotaka vijana wangu walione wanapocheka picha za vyombo hivi ukutani mwa gereji. Gurudumu la nne halikusahauliwa na mtu yeyote. Mahali pengine liliondolewa na mtu wa kodi, pengine na upungufu wa chuma baada ya vita, pengine na usukani uliokuwa haujabuniwa, na kwetu limeondolewa na mfuko wa mnunuzi, ambaye anataka chombo atakachokilipia deni lake kwa nauli za kila siku. Baada ya kuliondoa, kazi inayobaki kwa mhandisi ni moja: kuamua uzito ukae wapi. Wapo walioamua vizuri, na wapo waliomwachia dereva aamue.

Nirudi kwa mama wa Buguruni. Jibu fupi nililompa ni kwamba bajaji inalala kirahisi inapokuwa tupu na imesimama, lakini akikaa yeye kwenye kiti cha nyuma, katikati, mwili wake unaishikilia chini, mradi pasiwepo mtu aliyebandikwa kando ya dereva. Alinisikiliza hadi mwisho. Kijana alipomaliza tukaisimamisha bajaji, tukaifuta mchanga, na dereva, ambaye alikuwa anaelekea Ilala, akamkaribisha. Mama akapanda, akajipima kwa macho kulia na kushoto hadi akawa katikati kabisa, akaweka kikapu katikati ya miguu, kisha akamwita dereva aliyekuwa anataja nauli. "Mwanangu, umemsikia fundi. Kama uzito wangu ndio unaoishikilia hii bajaji yako isianguke, ni nani kati yetu anayetakiwa kumlipa mwenzake?"

Dereva alinitazama mimi kwa jicho ambalo bado analo kila akipita.